Substrata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maana ya neno na lilikotoka

Neno hili utalikuta pasipotarajiwa. Leo liko kwenye ripoti ya uchimbaji wa kisima, kesho kwenye kitabu cha isimu, keshokutwa kwenye mjadala wa falsafa, na kila mahali linaonekana limevaa maana nyingine. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi na wafasiri wenzangu. Sikuyajibu kwa urefu mmoja. Mengine yana mengi ya kusema na mengine hayana.

Substrata maana yake ni nini?

Ni tabaka, au matabaka, yaliyolala chini ya kitu kingine na kukibeba. Chimba shimo. Utapita udongo mweusi wenye mizizi, uingie kwenye udongo mwekundu mgumu, kisha changarawe, kisha sururu itagonga mwamba na mtikisiko ukupande mpaka begani. Vyote ulivyokutana navyo baada ya ule udongo mweusi ni substrata yake.

Maana hii ina sharti moja ambalo wengi hulisahau: lazima kuwe na kitu juu. Jiwe lililofukiwa haliwi substrata kwa kufukiwa tu. Linakuwa substrata pale tunapolitazama kama kinachobeba kilicho juu yake. Ndiyo maana kitu kimoja huweza kuwa cha juu na cha chini kwa wakati mmoja. Angalia kitanda: kwa shuka, godoro ni substrata, kwa godoro, chaga ndizo substrata, kwa chaga, fremu. Mfano wa kitanda sikuuokota ovyo, kama utakavyoona.

Limetoka lugha gani?

Kilatini. *Sub* ni "chini". *Stratum* linatokana na kitenzi *sternere*, yaani kutandika au kutandaza. *Substratum* basi ni "kilichotandikwa chini", na *substrata* ni wingi wake.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana kitenzi chetu *tandika* kinakwenda bega kwa bega na *sternere*. Sisi hutandika kitanda. Warumi nao walitandika kitanda kwa kitenzi hicho, na *stratum* likawa jina la tandiko lenyewe, hata la kitanda. Sisi hutandika punda au farasi, yaani kumwekea matandiko mgongoni kabla ya kumpanda. Warumi walisema hivyo hivyo juu ya farasi wao, na *stratum* likamaanisha pia kitambaa cha kumwekea mgongoni. Hata njia waliitandika: barabara iliyosakafiwa kwa mawe iliitwa *via strata*, njia iliyotandikwa.

Katika lugha nyingi mtu anayeeleza asili ya neno hili hulazimika kutumia vitenzi vitatu, kimoja cha kitanda, kimoja cha mnyama, kimoja cha barabara. Sisi kimoja kinatosha, tena chenye ukoo mkubwa: tanda, tandaza, tandua, kitanda, utando, mtandao.

Lilizaliwa likiwa neno la kitaalamu?

Hapana, lilizaliwa zizini. Kitenzi *substernere*, kutandika chini, kilikuwa cha wakulima. Cato, Mrumi aliyefariki mwaka 149 KK, aliacha kitabu cha kilimo ambamo anamshauri mwenye shamba kwamba nyasi kavu zikipungua, akusanye majani ya mwaloni awatandikie kondoo na ng'ombe. Hakuna jiolojia hapo wala falsafa. Kuna mifugo inayotaka pakavu pa kulala, na mkulima anayejua kwamba tandiko hilo likikanyagwa na kulowa litamrudia kama mbolea.

Napenda kuwaambia wanafunzi jambo hili mapema kwa sababu linaondoa woga. Neno linalotisha kwenye ukurasa wa kitaalamu lilianza maisha yake chini ya kwato za ng'ombe. Utaalamu ulikuja baadaye sana. Kiingereza, kwa mfano, kililipokea katika karne ya 17, wakati ambapo wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanaandika sayansi na falsafa kwa Kilatini.

Kuna ndugu wa neno hili ambao tayari tunawafahamu?

Wapo, na mmoja wao atakushangaza.

Nianze na wa mbali. Stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya lile la mvua na mawingu, imebeba *stratum* hiyo hiyo. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alitangaza ugunduzi wake mwaka 1902. Karne moja kabla yake, Mwingereza Luke Howard alipoyapa mawingu majina ya Kilatini, yale yanayotanda kama shuka la kijivu aliyaita *stratus*. Kiitaliano kikitaka kusema barabara husema *strada*, Kijerumani *Straße*, yote yakitokana na ile njia iliyotandikwa.

Sasa yule wa karibu: *sirati*. Ndiyo, sirati ile ile ya "siratal mustakim", njia iliyonyooka, ambayo Mwislamu huitaja katika kila rakaa, na ile inayosimuliwa kuwa daraja jembamba Siku ya Kiyama. Wanaisimu wengi wanaona kwamba *strata* ya Kilatini ilipita kwenye Kigiriki na Kiaramu ikaingia Kiarabu ikiwa *ṣirāṭ*. Kundi la konsonanti *str* lilikuwa gumu kwa Kiarabu, likalegezwa. Wazo hili halikuanzia Ulaya: Suyuti, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1505, alipoorodhesha maneno ya Kurani yaliyosemwa kuwa na asili ya nje, alilitaja hili na kulihusisha na lugha ya Warumi. Na mahali pa kukutana palikuwapo. Barabara ya kijeshi iliyopita kwenye jangwa la Shamu, kupitia Palmyra, iliitwa *Strata Diocletiana*, kwa jina la Kaisari Diocletian aliyetawala kuanzia mwaka 284 hadi 305.

Kwa hiyo mtu anayesema substrata ni neno geni kabisa masikioni mwake huenda amekuwa akilitamka ndugu yake tangu utotoni.

Na "tabaka" je? Si ndilo neno letu?

Ni letu kwa kulizoea, lakini nalo lilikuja kwa jahazi. Ni *ṭabaqa* ya Kiarabu, kutoka mzizi *ṭ-b-q*. Mzizi huo una picha ya kitu kinachofunika kingine na kukaa sawasawa juu yake, kama kawa juu ya chungu. *Ṭabaq* ni sahani au sinia, kitu bapa kinachoweza kupangwa kimoja juu ya kingine. Katika Sura ya 67 ya Kurani mbingu saba zimeelezwa kwa neno la mzizi huo, nasi tukalifasiri "kwa matabaka".

Tulichukua pia kitenzi chake. *Kutabiki* ni kushikamana barabara, na "rafiki wa kutabiki" ni yule ambaye huwezi kupenyeza hata ukucha kati yenu. Watu wachache hukumbuka kwamba tabaka na tabiki ni watoto wa mama mmoja.

Waarabu walilitumia neno hili hata kwa wakati. *Ṭabaqāt*, matabaka, ni jina la aina nzima ya vitabu vya wasifu vinavyopanga watu kizazi juu ya kizazi. Kile cha Ibn Sa'd, aliyefariki mwaka 845, kinaanza na Mtume, kisha maswahaba, kisha waliowafuata. Kizazi ni tabaka kwa maana kamili: kimeketi juu ya kilichokitangulia.

Hapo ndipo maneno mawili yanapoachana, na kwangu hili ndilo jambo la kushika. Tabaka hutazama kutoka juu: kitu kimefunika. Substrata hutazama kutoka chini: kitu kimetandikwa ili kingine kikae. Ukiangalia ukuta wa shimo utaona mistari ile ile, ila maneno mawili yanakutaka usimame sehemu mbili tofauti.

Kwa nini basi nisiandike tu "matabaka ya chini"?

Kwa sababu nimewahi kuandika, na nikachekwa.

Nilipewa ripoti ya wachimba kisima niifasiri kwa ajili ya kikao cha wanakijiji. Mahali ilipoandikwa kwamba maji yanapatikana kwenye substrata, mimi nikaweka "maji yatapatikana kwa matabaka ya chini". Ripoti ikasomwa kwa sauti. Mzee mmoja akanyanyua mkono, akauliza kwa upole mkubwa: "Mwanangu, na sisi tulio matabaka ya kati, tutachota wapi?" Kikao kizima kikaangua kicheko, na mimi nikatamani kisima kingekuwa tayari nizame humo.

Mzee hakukosea. Katika Kiswahili cha leo, "tabaka" limeshikwa na siasa na sosholojia kwa miongo mingi: tabaka la wafanyakazi, tabaka tawala, mapambano ya kitabaka. Msomaji akiona "tabaka la chini" bila udongo au mwamba jirani, anawaza watu maskini kabla ya kuwaza mawe. Dawa yake ni kutaja kinachobebwa. "Matabaka yaliyo chini ya udongo", "miamba iliyo chini ya changarawe", "tabaka linalobeba msingi wa jengo". Ni marefu zaidi, lakini hakuna atakayenyoosha mkono.

Mkanganyiko huo, ikumbukwe, haukuanzia kwetu. Kilatini nacho baadaye kilizizaa *strata* za jamii katika lugha za Ulaya kwa njia hiyo hiyo: mtu aliona mawe yamepangana, akaona watu nao wamepangana.

Umoja wake ni upi?

Kilatini: umoja *substratum*, wingi *substrata*. Wapo wanaoandika "substratamu" kwa umoja wakiandika Kiswahili, na si kosa. Mimi hulitia kwenye ngeli ya I-ZI na kuliacha lilivyo: substrata hii, substrata hizi, kama tunavyofanya kwa data, ambayo nayo ni wingi wa Kilatini na hakuna anayehangaika. "Masubstrata" usijaribu. Wingi juu ya wingi.

Linatamkwaje?

Kama lilivyoandikwa, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: sub-STRA-ta. Warumi nao waliweka mkazo hapo hapo, kwa kuwa irabu ya silabi hiyo ilikuwa ndefu. Mswahili akilisoma bila kujikaza yuko karibu na Cato kuliko Mwingereza wa leo.

Katika jiolojia, kilicho chini ndicho cha zamani zaidi siku zote?

Mara nyingi, ndiyo. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1669 na Nicolas Steno, tabibu wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia. Alisema matabaka ya mashapo hutandazwa yakiwa yamelala, na lililo chini lazima liwe limekwisha kuwapo ndipo la juu lipate pa kukalia. Ni hoja rahisi kiasi kwamba inashangaza ilihitaji mtu kuiandika. Hakuna anayetandika shuka kabla ya godoro.

Lakini ardhi hutandua pia, na hutandika upya. Mwaka 1788 James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, alikwenda kwa mashua pamoja na wenzake wawili mpaka Siccar Point, mwamba wa pwani ya nchi yake. Pale chini walikuta matabaka ya kijivu yamesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Juu yake, karibu kulala, yameketi matabaka mekundu ya mchanga uliogeuka jiwe. Maana yake ni kwamba mashapo ya kwanza yalitandazwa baharini, yakawa mwamba, yakainuliwa na kusimamishwa, yakalika kwa mvua na upepo mpaka yakasawazishwa, kisha mchanga mwekundu ukatandikwa juu ya visiki vyake. Leo tunajua kati ya ule wa chini na ule wa juu kuna pengo la makumi ya mamilioni ya miaka. Hutton hakuwa na namba hizo, ila aliona kwamba kazi hiyo haiwezi kumalizika kwa miaka elfu chache. Mmoja wa wenzake, John Playfair, aliandika baadaye kwamba akili ilikuwa kama imeshikwa kizunguzungu kwa kuchungulia mbali namna ile katika wakati.

Kanuni ya Steno ina upungufu mwingine. Uji wa mwamba unaotoka kilindini huweza kupenya katikati ya matabaka ya zamani na kugandia humo. Hapo utakuta jiwe changa limelala chini ya jiwe kuukuu. Na milima inapokunjwa, matabaka huweza kupinduliwa kabisa. Kwa hiyo "chini ni zamani" ni kanuni ya kuanzia kazi, na mjiolojia mzuri hutafuta kwanza dalili kwamba kitanda hakijapinduliwa.

Na nimesema kitanda kwa makusudi. Wanajiolojia wanaozungumza Kiingereza huliita tabaka moja la mwamba kwa neno lao la kawaida la kitanda. Mfano ulio maarufu duniani uko Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Kuta za korongo lile zimehesabiwa kwa vitanda, namba moja ikiwa chini kabisa, juu ya lava iliyoganda. Ni katika kitanda hicho cha kwanza ambamo Mary Leakey aliliona fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus mwezi Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Wafasiri hutafsiri "tabaka la kwanza", na wako sahihi. Ila mimi kila nikipita hapo hujisikia kuandika kwamba Zinjanthropus alikutwa kitandani.

Udongo wa chini na substrata ni kitu kimoja?

Si lazima. Wataalamu wa udongo huutazama wima na kuupa herufi: A ni udongo wa juu wenye mboji, B ni udongo wa chini ambamo madini na mfinyanzi hushuka na kukusanyika, C ni mwamba uliomomonyoka ambao bado haujawa udongo wenyewe, na chini yake ndiyo mwamba mzima. Wengi wao wakisema substrata wanakusudia kuanzia C kwenda chini. Mkulima au fundi ujenzi atalitumia kwa lolote lililo chini ya jembe lake au msingi wake. Soma kwanza nani anaandika.

Wanafalsafa wanalitumiaje?

Wao wanauliza swali linaloonekana la kitoto. Chungwa ni la njano, la mviringo, tamu, zito kiasi. Ondoa rangi. Ondoa umbo. Ondoa utamu na uzito. Kimebaki nini? Aliyesema kimebaki kitu kilichokuwa kinabeba sifa zote hizo, kitu hicho ndicho anachokiita substrata.

Mzizi wa wazo uko kwa Aristotle, aliyetumia neno la Kigiriki *hypokeimenon*, "kilicholala chini". Kilatini kilipolitafutia tafsiri kilikuwa na picha kadhaa mkononi: kilichotupwa chini, kilichosimama chini, kilichotandikwa chini. Hii ya mwisho ndiyo *substratum*.

John Locke, Mwingereza, alilishughulikia katika kitabu kilichobeba mwaka 1690, na hakuficha shaka yake. Alimfananisha anayeongea juu ya kibeba-sifa hicho na Mhindi wa hadithi aliyesema dunia imebebwa na tembo. Tembo je, kabebwa na nini? Kobe mkubwa. Na kobe? Kitu fulani, hakijui ni nini. Miaka 20 baadaye, mwaka 1710, George Berkeley wa Ireland alikwenda mbali zaidi: akauliza neno "kubeba" lina maana gani hapo. Nguzo hubeba nyumba, hilo tunalielewa. Lakini kitu kisicho na umbo wala ukubwa kinabebaje umbo na ukubwa?

Mimi naona Berkeley aligusa jeraha lenyewe. Neno lilipokuwa zizini, ungeweza kuinama ukashika kilichotandikwa. Falsafa ililichukua tandiko ikaliondolea majani, nyuzi na sufi, kisha ikashangaa kwa nini halishikiki.

Katika isimu je?

Hapa neno limefanya kazi nzuri kuliko popote nje ya jiolojia. Jamii ikiacha lugha yake na kuhamia nyingine, mara nyingi haihami mikono mitupu. Matamshi, maneno kadhaa na namna za kupanga sentensi huhamia nayo na kubaki chini ya lugha mpya. Lugha iliyoachwa ndiyo substrata. Mwanaisimu wa Italia Graziadio Isaia Ascoli, aliyeishi kati ya 1829 na 1907, ndiye hasa aliyeijengea hoja hiyo.

Mfano wa vitabuni ni Kifaransa. Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa, waliacha lugha yao wakachukua Kilatini cha watawala, lakini maneno ya shambani hawakuyatupa yote. Kifaransa cha leo bado kinasema *mouton* kwa kondoo, *charrue* kwa plau na *chêne* kwa mwaloni, yote yakiwa yametoka Kigauli. Yaani Mfaransa akitaka kufasiri ushauri wa Cato kuhusu kutandika majani ya mwaloni, sehemu ya maneno atakayoyahitaji ni ya watu walioshindwa na jeshi la Warumi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya. Kidahalo ni lugha ya Kikushi, na lugha za Kikushi hazina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi. Kidahalo kinavyo, katika maneno machache. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wasemaji wake wa kale walikuwa na lugha nyingine ya vidoko, wakaiacha, na baadhi ya maneno yake yakakataa kuondoka. Lugha yenyewe haipo tena. Kimebaki kidoko, kama kipande cha chungu kwenye ukuta wa shimo.

Vidoko vya Kizulu na Kixhosa navyo vilitoka kwa lugha za jirani za Wakhoe na Wasan, ingawa huko watu waliishi pamoja na kuoana kwa muda mrefu, hivyo kuamua nini kilikuwa chini na nini kilikuwa kando si kazi nyepesi. Na kuna lugha zinazogoma kupangwa kabisa. Kimbugu cha milima ya Usambara, ambacho wenyewe hukiita pia Kima'a, kina sarufi ya Kibantu na maneno mengi ya Kikushi. Kipi kiko chini? Wataalamu wamebishana sana, nami siwaingilii.

Kwa hiyo Kiarabu ni substrata ya Kiswahili?

La. Swali hili huulizwa kila wiki, na jibu ni kinyume. Mifupa ya Kiswahili, yaani ngeli, vitenzi na viambishi vyake, ni ya Kibantu. Kiarabu kililetwa juu yake na biashara, dini na maandishi. Kikitajwa kwa istilahi hizi ni superstrata, kitu kilichotandikwa juu, kama Kifaransa cha Wanormani kilivyotandikwa juu ya Kiingereza baada ya mwaka 1066. Lugha mbili zikiishi bega kwa bega bila moja kuilalia nyingine, huitwa adstrata.

Wala Kibantu chenyewe si substrata ya Kiswahili. Substrata ni lugha iliyoachwa. Kibantu hakuna aliyekiacha hapa, ndicho tunachokizungumza.

Mbona katika kemia na elektroniki neno linalofanana halimaanishi kitu kilicho chini?

Hilo ni pacha wake, substreti. Katika elektroniki bado liko karibu na nyumbani: bamba jembamba la silikoni ambalo saketi hujengwa juu yake. Wachapaji huita hivyo karatasi au plastiki inayopokea wino, na wakuza uyoga huita hivyo majani au vumbi la mbao ambamo uyoga huota. Katika baiolojia ya seli limekwenda mbali. Kimeng'enya kilichomo mateni huuvunja wanga, na wanga ndio substreti yake, hata kama vyote viwili vinaelea na hakuna kilicho chini ya mwenziwe. Kilichobaki ni wazo la kitu kinachofanyiwa kazi. Kubeba kumegeuka kuwa kuvumilia.

Naweza kulitumia kwa mafumbo, kwa mfano "substrata ya mgogoro"?

Unaweza, ila jiulize kama kilicho chini bado kinabeba. Ugomvi wa ardhi wa miaka 40 iliyopita ambao bado unaamua nani anakaa na nani mkutanoni ni substrata. Ugomvi uliokwisha na kusahauliwa ni historia tu. Na kama unachotaka kusema ni "sababu", sema sababu.

Je, hakuna neno moja la Kiswahili lililo safi kwa maana hii?

Kwa mantiki tupu lingekuwa *tandiko*, wingi *matandiko*. Lina mzizi wenye picha ile ile, lina kitanda na mgongo wa punda ndani yake, na hata kinyume chake kipo tayari: mmomonyoko unaposomba udongo wa juu mpaka mwamba ukawa wazi, ardhi imetanduliwa. Niliwahi kulijaribu katika rasimu moja: "matandiko ya mwamba yaliyo chini ya changarawe". Mhariri alilizungushia kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Punda yuko wapi?"

Nikarudi kwenye "matabaka yaliyo chini ya changarawe", na mpaka leo ndivyo ninavyoandika.